Sura ya Nne: Ananipenda Mimi au Anapenda Ugali Wangu?

Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini anayeuliza huwa anasubiri jibu. Mbwa aliyekuja akiwa mbavu tupu, mkia katikati ya miguu, leo anamsindikiza mama kisimani, analala miguuni pa watoto barazani, na baba akichelewa shambani anatoka kwenda kumngoja njia panda. Jirani anacheka: "Huyo hakupendi, ndugu yangu. Anapenda sufuria lako."

Nachingwea na Ruangwa, wilaya za mkoa wa Lindi, ni mahali pazuri pa kulitafutia jibu, kwa sababu huko mbwa wengi hawanunuliwi. Wanapewa au wanaokotwa, na wengine hujileta wenyewe. Jike la jirani limezaa, mtoto anarudi nyumbani na kijibwa kimoja kifuani na machozi tayari machoni endapo atakataliwa. Mzee amefariki, wanawe wako Dar es Salaam, mbwa wake anahamia nyumba ya tatu. Mwingine anatokea tu msimu wa mavuno, anafukuzwa mara mbili tatu, kisha watu wanachoka kumfukuza. Katika sura hii nitawaita wote mbwa wa kulelewa, yaani mbwa ambaye hakuzaliwa katika nyumba ile lakini amekuwa wa nyumba ile.

Kazi kwanza

Anayetaka kuelewa mapenzi haya asianzie barazani, aanzie shambani. Mahindi yanapobeba, na muhogo unapokomaa, wanaokuja kuvuna kabla ya mwenye shamba ni nguruwe pori usiku, na nyani na ngedere mchana. Kwa hiyo familia, au nusu yake, huhamia shambani. Pale kuna dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia, kuna moto, kuna debe la kugonga, na kuna mbwa. Binadamu aliye juu ya dungu anaona giza. Mbwa aliye chini anasikia nguruwe akiwa bado ng'ambo ya bonde.

Kuanzia mwezi wa tisa hadi mwisho wa mwaka ni korosho. Zinaokotwa chini ya miti, zinaanikwa, zinatiwa kwenye magunia, na magunia yanasubiri siku ya kupelekwa kwenye ghala la chama cha msingi, ili yauzwe kwa mnada kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku hizo za kusubiri ndizo mwenye nyumba anapolala jicho moja wazi. Akiwa na mbwa wa kuaminika, analala yote mawili.

Tabia ya hapa, basi, si ya kumbeba mbwa mikononi. Hapigwi busu wala havishwi sweta. Mtu mgeni, hasa aliyezoea filamu za Ulaya, anaweza kudhani hapendwi. Lakini angalia anayempigia mluzi jioni, angalia nani anamkwangulia ukoko wa sufuria kabla sufuria halijalowekwa. Mara nyingi ni mtoto wa miaka tisa au kumi, na ndiye pia aliyempa jina. Utamkuta Simba, Jeki, Popi na Tomi. Utamkuta pia Mtasema, jina alilopewa na mtu mzima, na kila linapoitwa kwa sauti jioni majirani wanajua nani hasa anaambiwa.

Tumbo lililobadilika

Turudi kwenye ugali, maana jirani ameutaja kama shutuma.

Mbwa wa kufugwa wametokana na mbwa mwitu wa kale wa Ulaya na Asia. (Si wale wenye mabakabaka na masikio ya duara wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, jirani zetu upande wa Liwale, hao ni ukoo mwingine kabisa.) Mnyama yule alikula nyama. Mwaka 2013 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walilinganisha jeni za mbwa na za mnyama huyo wa porini. Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, yanayouambia mwili utengeneze nini. Waliangalia jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, yaani kile kitu mwilini kinachougeuza ugali kuwa sukari ya kutumika. Mnyama wa porini alikuwa na nakala 2. Mbwa walikuwa nazo kuanzia 4 hadi 30.

Maana yake, mbwa hakujizoesha tu kula chakula chetu kwa shida ya njaa. Vizazi kwa vizazi vya kuishi kwenye makombo ya binadamu vilimbadilisha tumbo. Ugali anaokula Ruangwa ni chakula chake kama ulivyo chetu, ingawa ugali mtupu bila dagaa wala mifupa haumtoshi, na mbwa wengi wa vijijini wamekonda kwa sababu hiyo hasa.

Je, hili linampa ushindi jirani? Kuna kaburi moja linalomjibu. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua mifupa ya mwanamume na mwanamke waliozikwa miaka zaidi ya 14,000 iliyopita. Pamoja nao alikuwamo mbwa mdogo, wa miezi kama saba. Karibu miaka 100 baadaye meno yake yalichunguzwa upya, na yalionyesha alama za ugonjwa mkali unaoua watoto wa mbwa hadi leo. Aliugua kwa wiki kadhaa. Mbwa mwenye ugonjwa ule hawezi kula wala kunywa peke yake, hutapika, hujiharia, na lazima mtu amsafishe na kumpa maji. Mbwa yule hakuwa akilinda kitu wala kuwinda kitu, lakini mtu alimuuguza, na alipokufa akazikwa na watu.

Wakati huo hakuna binadamu yeyote aliyekuwa na shamba, wala ugali. Kumlea mbwa kumetangulia kilimo.

Je, ni tumbo tu?

Nina majaribio matatu ya kumpelekea jirani. Yote yamefanywa mbali na Lindi, na nitaeleza kwa nini hilo linanisumbua kidogo.

La kwanza ni la Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani. Aliwafundisha mbwa kulala kimya, bila kufungwa wala kupewa dawa ya usingizi, ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini. Kisha akaangalia sehemu ya ubongo inayochangamka mbwa anapotarajia jambo zuri. Mara nyingine jambo zuri lilikuwa kipande cha soseji, mara nyingine ni mwenye mbwa kujitokeza na kumsifu. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kati ya mbwa 15, wengi walichangamkia sifa sawa na chakula au zaidi. Wachache sana walikuwa watu wa soseji.

Hapa ndipo ninaposita. Mbwa wa Atlanta ameshiba. Soseji kwake ni kionjo. Mbwa wa Nachingwea mwezi wa kwanza, ghala likiwa limeisha na mavuno mapya bado, angechagua nini? Nadhani angechagua soseji, na nisingemlaumu. Njaa haithibitishi kwamba hakuna mapenzi. Mtoto mwenye njaa naye atakimbilia chakula kabla ya kumkimbilia mama, na hakuna anayesema hampendi mama yake.

Jaribio la pili ndilo linalowahusu zaidi wenye mbwa wa kuokota. Mwaka 2001 watafiti wa Budapest, Hungaria, walikwenda kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa, wengine wakubwa kabisa, waliokuwa wakiishi bila mtu wa kuwatazama kama wake. Mtu asiyejulikana alikaa na mbwa mmoja kwa dakika 10, akimpapasa na kucheza naye. Akafanya hivyo mara tatu tu. Kisha mbwa akapelekwa chumba kigeni, mara akiwa na mtu huyo, mara akiwa na mgeni mwingine. Mbwa walianza kumtendea yule wa dakika 10 kama mlezi: walimngojea mlangoni alipotoka, na aliporudi walimwendea yeye kuliko mgeni.

Dakika 30 kwa jumla. Wanaosema mbwa mkubwa hawezi kuhamisha moyo, kwamba ukimchukua mbwa wa marehemu atabaki mbwa wa marehemu, wanamkosea. Kinachomchelewesha mara nyingi ni fimbo alizopigwa siku za kwanza.

La tatu ni la Japani, Chuo Kikuu cha Azabu, mwaka 2015. Miho Nagasawa na wenzake walipima oksitosini, homoni ambayo mwili wa mama huitoa anaponyonyesha na kumtazama mwanawe machoni. Homoni ni kemikali inayosafiri kwenye damu kupeleka ujumbe kutoka kiungo hiki hadi kingine. Mbwa na mwenyewe walipotazamana kwa muda mrefu, oksitosini ilipanda kwa wote wawili, mtu na mbwa. Mnyama wa porini aliyelelewa na binadamu hakuonyesha hivyo. Hata kutazama machoni alikwepa.

Kwa ufupi:

- Mbwa anapenda chakula chako. Mwili wake umeumbika upya kwa ajili ya chakula hicho.
- Anakupenda na wewe pia, na jambo hilo linapimika.
- Mbwa mkubwa aliyeachwa anaweza kuanza upya na mlezi mpya haraka kuliko watu wanavyodhani.

Nyumba ya Kiislamu na mbwa wa uani

Wilaya hizi zina Waislamu wengi, na swali linalofuata huulizwa kwa sauti ya chini: je, kumpenda mbwa hakuna shida na dini?

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi pwani na kusini, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo halifichwi na halina haja ya kupindishwa. Lakini najisi si laana. Qur'ani katika Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyelala mlangoni pa pango pamoja na vijana waumini, na katika Sura ya Al-Maida inaruhusu kula windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa. Wengi wamesikia pia msikitini hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa kwa tendo hilo.

Kwa hiyo nyumba nyingi zimepata mpangilio wake bila kumsumbua sheikh. Mbwa ana gae lake la chungu, halichanganyiki na vyombo. Haingii ndani, analala uani au chini ya dungu. Hapiti kwenye mkeka wa swala. Mtoto aliyemshika ananawa kabla ya kugusa msahafu. Mkristo wa jirani, naye kwa sababu zake za usafi, anafanya karibu vilevile. Umbali huu wa hatua chache kutoka mlangoni haujamzuia mbwa yeyote kujua nyumba yake ni ipi.

Mbweha wa usiku

Sasa upande mzito.

Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi kinachoishi kwenye mate ya mnyama mgonjwa na kuingia kwa njia ya jeraha. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, na asilimia 99 ya wagonjwa huambukizwa na mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa wagonjwa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni wale wale wanaokwangua ukoko.

Kusini kuna jambo la pekee. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu katika mikoa ya Lindi na Mtwara tangu mwaka 2011 walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanyama walioshukiwa kuwa na kichaa hawakuwa mbwa bali mbweha. Hilo si kawaida. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki ni mbwa kwa mbwa. Na anayekutana na mbweha usiku pembezoni mwa shamba la mbaazi ni nani? Ni yule mlinzi wa dungu. Kazi ileile inayotufanya tumthamini ndiyo inayomweka mbele ya meno hayo, naye anarudi asubuhi na mkwaruzo mdogo begani ambao hakuna anayeuona.

Kuanzia mwaka 2010 wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, pamoja na Pemba, ziliingia kwenye mradi wa kuonyesha kwamba ugonjwa huu unaweza kutokomezwa. Fedha zilitoka kwa Wakfu wa Bill na Melinda Gates kupitia Shirika la Afya Duniani. Kazi ikafanywa na serikali pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara. Maafisa mifugo na wahudumu wa afya walikuwa wakituma taarifa kwa simu za kawaida za mkononi: huyu ameumwa, mbwa huyu amechanjwa.

Aliyewahi kusimama kwenye kituo cha chanjo cha kijiji anajua nani wanaoleta mbwa. Watoto. Wanakuja na kamba za katani, vipande vya kitenge, mnyororo wenye kutu, mmoja amembeba mbwa mzito karibu sawa na yeye. Mbwa ambaye hamruhusu afisa mifugo kumsogelea anatulia mtoto akimshika masikio. Mpango mzima wa wilaya, pamoja na fedha zile za Wakfu wa Gates na Shirika la Afya Duniani, ulisimama juu ya urafiki huo, na sijaona ripoti inayoutolea shukrani.

Ikichanjwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tatizo ni kwamba mbwa wa vijijini hawaishi sana. Wengi wanaochanjwa mwaka huu mwakani hawapo, na watoto wao hawana chanjo. Ndiyo maana chanjo inapaswa kurudiwa kila mwaka. Pemba imeonyesha pande zote mbili: chanjo ilikimaliza kichaa kisiwani, chanjo ikalegea, kichaa kikarudi mwaka 2016, chanjo ikarejeshwa na kikamalizwa tena. Na kusini, hata penye mbweha wengi kiasi hiki, miaka ya chanjo ya mbwa iliushusha ugonjwa.

Mfupa ambao haupo

Wengi wanajua kichaa cha makelele: mbwa anazurura, anauma miti, anashambulia asiyemjua na anayemjua. Kuna kingine cha kimya, nacho kwa mwenye mbwa anayependwa ni cha hatari zaidi. Mbwa anajitenga. Sauti ya kubweka inabadilika, inakuwa kama imepasuka. Taya linaning'inia, ute unatiririka, hawezi kumeza. Anayempenda anamwonea huruma na kusema amekwamwa na mfupa. Anamfungua kinywa, anaingiza vidole kuutafuta.

Hakuna mfupa. Mikono yake, yenye michubuko ya jembe na mafuta makali ya maganda ya korosho, sasa imelowa mate yenye kirusi. Mbwa wako akibadilika hivyo, usimguse kinywa. Mfungie mahali na umwite afisa mifugo, hata kama unaona haya kumwita kwa ajili ya mbwa.

Mbwa wetu akimuuma mtu

Hapa undugu wa familia na mbwa hupimwa kwa ukali, kwa sababu kijiji kinataka mbwa auawe jioni hiyohiyo na watoto wanalia. Fanyeni hivi:

1. Osheni jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Sabuni ya kufulia inatosha. Msipake majivu, mafuta ya taa wala pilipili.
2. Mpelekeni aliyeumwa hospitali siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo. Chanjo ya binadamu kwa kawaida hupatikana hospitali ya wilaya, si zahanati ya kijiji, na ina ratiba; sindano zote zilizoagizwa lazima zikamilike, ila daktari mwenyewe akizisimamisha. Msisubiri kuona mbwa atakuwaje ndipo muanze.
3. Mpeni taarifa afisa mifugo.
4. Mbwa akiwa anaonekana mzima, msimuue. Mfungeni peke yake, apewe chakula na maji kwa mbali, aangaliwe siku 10.

Hili la nne wengi hulipinga, na wana haki ya kuelezwa. Mbwa huanza kutoa kirusi kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili, na dalili zikianza hafiki mbali. Hufa ndani ya siku hizo 10. Kwa hiyo mbwa aliyefungwa ni kipimo kilicho hai. Akiuawa kwa rungu na kutupwa korongoni, kipimo kimepotea, na aliyeumwa hatajua kamwe. Akifa mwenyewe katika siku hizo, afisa mifugo achukue sampuli ya ubongo, msimkate kichwa wenyewe.

Akiwa bado hai na mzima siku ya kumi, siku ile ya kuuma hakuwa na kirusi mdomoni, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Kinachobaki ni kati ya nyumba mbili. Nauli ya kwenda na kurudi Nachingwea mjini, gharama ya sindano zilizokwishachomwa, siku za kazi alizopoteza jirani: hayo hulipwa na mwenye mbwa, na hapo familia nyingi huitana usiku na kuhesabu kama kweli mbwa yule ni wao.